Mafundo Matatu Kwenye Waya Nyeusi

Watu wa rika langu wakikumbuka utoto wao hulainika. Mimi nikiukumbuka wangu hukunja ngumi, na wiki iliyopita nimeikunja tena, mbele ya meza yangu mwenyewe, ndani ya duka langu mwenyewe hapa Mlandege.

Hoteli moja ya Uroa iliniletea amplifaya kuukuu ya gitaa, ya zile zenye taa za kioo ndani. Mwenye hoteli kaipata kwenye stoo ya kikundi cha taarabu kilichokufa zamani. Kwanza waliipeleka kwa vijana wenye vyeti ukutani, wakashindwa. Mwisho kila kitu huja kwangu. Sikuvuka darasa la sita, rafiki yangu, lakini hakijazaliwa chombo cha muziki cha kunishinda kisiwa hiki. Kaulizie.

Nikaigeuza, nikafungua skrubu, ikanipiga harufu ya varnishi iliyoungua. Kona moja ya sanduku ilikuwa imetafunwa na panya. Panya yule namjua. Alipouawa nilikuwepo.

Nilikuwa na miaka kumi na moja. Bibi yangu alishinda barazani akisuka ukili wa mikeka, chane za mkindu zimemlalia mapajani, nyekundu, kijani, zambarau, na ndani chungu cha muhogo wa nazi kinachemka taratibu. Mlango wa pili alikaa fundi wa redio. Nikitoka chuoni kusoma Kurani, hata juzuu sijaiweka vizuri, nshafika kwake. Nilimfagilia, nilimchotea maji, nilimkwangulia risasi ya kuchomelea kwenye vyuma vibovu ili aiyeyushe tena. Redio tatu zilisema kwa pamoja pale, na ulimbo ukigusa chuma cha moto ulitoa moshi mtamu mpaka leo naupenda. Azana ikianza alizima zote tatu, na ule ukimya, wallahi, sijausikia tena mahali popote. Kisha kahawa, na kipande cha kashata akinimegea. Nakiri, nilimpenda mtu yule. Ndiyo maana namchukia vizuri.

Alikuwa na msemo wake: "Rangi ya waya ndiyo msahafu wa fundi." Na huo ndio uliomponza.

Amplifaya ya kikundi cha taarabu ililetwa kwake imekufa transfoma, ile inayopokea umeme wa ukutani na kuugawa humo ndani. Akapata nyingine, imetoka kwenye chombo cha nchi nyingine kabisa, ina waya sita zinazotoka kiunoni, jozi tatu. Jozi moja ya kuingiza umeme, moja ya kupandisha nguvu, moja ya kuwashia taa za kioo, nayo hii haistahimili umeme wa ukutani hata nukta moja. Ukikosea jozi, umechoma. Transfoma iliyotoka chombo kingine huiamini mpaka uipime, na mafundi wa kweli huipima kwa balbu kubwa iliyotangulizwa kwenye umeme. Ila siku ile kikundi kilipotakiwa kupiga harusini, umeme ulikatika tangu asubuhi.

Mimi nikachukua tochi ya bibi. Nikagusisha betri na kibalbu chake kwenye kila jozi. Jozi moja kibalbu kiliwaka cheupe, jozi ya pili kikawa chekundu kama kaa linalokufa, ya tatu hakikuwaka kabisa. Hakuna aliyenifundisha, nilifikiri mwenyewe! Cheupe maana yake waya fupi nene, ndiyo ya taa. Chekundu, ndiyo ya ukutani. Kisipowaka, ya kupandisha nguvu. Nikaiba chane za bibi nikafunga alama: fundo moja jozi ya ukutani, mawili ya nguvu, matatu ya taa. Na mafundo matatu yaliangukia waya nyeusi.

Fundi akacheka. "We mtoto, unanisukia mkeka humu? Nyeusi ni ya ukutani, tangu baba yangu hajaoa." Akazikata chane, akachomelea kwa rangi. Fyuzi yenyewe kaiziba kwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara.

Umeme ulirudi alasiri, nasi tuko kiwanjani. Wanawake wamejaa, udi na asumini vimetanda, mpiga gitaa kashakaa. Fundi akabonyeza swichi. Ikanguruma, kisha moshi ukatoka mweusi ukaumeza udi wote.

"Jamani, mnamfukiza bi harusi kwa mpira?" akapiga kelele mwanamke wa mbele, na kiwanja kizima kikacheka.

Fundi akageuka, akaninyooshea kidole. "Huyu hapa! Mtoto wa jirani kanichezea waya!"

"Si mimi! Mimi nilifunga mafundo tu!"

"Mnamsikia? Kakiri mwenyewe."

Kuanzia siku ile mtaa ukaniita Shoti. Chuoni Shoti, dukani Shoti. Nikipita karibu na redio ya mtu, inafunikwa kanga. Nililia kwa bibi, nikamwapia. Kesho yake akanishika sikio mpaka mlangoni kwa fundi: "Mwombe radhi. Mkubwa hakosi, hupitiwa tu." Nikaomba radhi kwa kosa lisilo langu. Fundi akasema kanisamehe, macho yako kwenye kahawa. Kazini hakunirudisha. Nikaenda kujifunza kwa matusi ya watu wengine.

Basi wiki iliyopita nimeifungua amplifaya ile ile. Transfoma iko pale, imeungua. Waya nyeusi zimechomelewa kwenye umeme wa ukutani. Na shinani kabisa, ambapo kisu chake hakikufika, chane ya zambarau imekuwa nyeusi kwa masizi. Mafundo matatu.

Nikaikata pamoja na waya zake, nikaenda Kiembe Samaki, anakokaa fundi kwa binti yake siku hizi. Kakonda, macho yamekwisha. Nikamwekea kiganjani bila salamu.

"Shikamoo yangu iko wapi?" akauliza.

"Imo humo kwenye waya."

Akapapasa kwa dole gumba, pole pole. Moja, mbili, tatu. "Ya taa," akasema. "Shoti, ni wewe?"

"Ulijua?"

"Nilijua moshi haujafika juu. Na bibi yako alijua. Magharibi ile ile nilimwendea nikamwambia kweli yote. Akanambia, mtoto ataota ndevu atasahau, lakini wewe jina likichanika watoto wako sita watakula nini? Niachie mimi, kesho n'takuletea aombe radhi."

Nilikwenda kumvua mtu mmoja nguo, nikarudi na wawili.

Amplifaya nimeitia transfoma mpya, nayo inalia kama mpya. Kabla sijachomelea nilipima kila jozi na kufunga mafundo, kwa chane niliyoifuata Darajani, maana barazani kwetu siku hizi wanauza vinyago na hakuna mkono unaosuka. Redio tatu hazipo, chungu hakipo, hata lile jina la Shoti tumebaki kulijua mimi na kipofu mmoja. Bora ningebaki na hasira yangu ya zamani, nilikuwa nimeizoea, ilikuwa na mlango wa kwenda kugonga. Sasa imehamia makaburini kwa bibi, huko hakuna wa kunifungulia.

Ndevu nimeota, bibi. Zimeshaingia mvi. Sijasahau.