Ng'ombe Aliyekufa Kwenye Kompyuta Yangu

Bihogo alikufa kwenye kompyuta yangu Jumatatu. Jumatano akafika ofisini kwa miguu yake mwenyewe, anacheua, na watu wamemzunguka wanataka kuuana.

Cheka tu. Mimi sikucheka.

Naitwa Wivine. Natunza hifadhidata ya ushirika wa maziwa huku Masisi, kwenye vilima. Kijiji sitakitaja, watu bado wana hasira. Kila ng'ombe anayetoa maziwa ya jibini letu yumo humo: rangi yake, chanjo zake, na mwenyewe.

Mwenyewe mmoja tu. Shika hapo.

Programu ilitengenezwa na kijana wa Goma anaitwa Jules. Huyu Jules hajawahi kukanyaga kinyesi cha ng'ombe. Kwa akili yake, ng'ombe ana mtu mmoja, kama simu.

Huku kwetu mambo siyo hivyo. Unaweza kumpa rafiki yako ng'ombe akufugie. Ng'ombe anabaki wako, maziwa anakunywa yeye na watoto wake, ndama mnaelewana. Humpi mtu ng'ombe kama humwamini, na ukishampa mmekuwa ndugu.

Hivyo ndivyo Papa Sebarenzi alivyompa Mama Uwamariya ng'ombe. Vita ilikuwa imemmaliza huyo mama: mume, ng'ombe, kila kitu. Papa Sebarenzi alipohamia Bweremana, kule ziwani kwa wanawe, alimwachia Bihogo ili watoto wasikose maziwa.

Nilimwandikia Jules mpaka vidole vikauma. Weka nafasi ya mwenye mali na nafasi ya mfugaji. Weka historia, nione nani kabadilisha nini. Weka njia ya kurudisha kitu kikikosewa. Jibu lake lilikuwa lile lile.

"Dada Wivine, mise à jour iko mu njia."

Yaani toleo jipya la programu linakuja. Njia gani hiyo, jamani? Hata malori ya Walikale hukwama kwenye matope, lakini mwishowe hufika.

Sasa Jumatano. Papa Sebarenzi aliingia bila hodi, simu mkononi. Programu ilikuwa imemtumia ujumbe yenyewe: "Ng'ombe wako Bihogo amekufa. Pole."

"Ngombe yangu inakufa na hakuna muntu ananiambia?" alifoka. "Uwamariya iko na mudomo ao hapana?"

Nikafungua. Kweli, amekufa. Nikatafuta upande wa Mama Uwamariya, na nikajuta papo hapo.

Bihogo huyu hapa, mwekundu, doa jeupe kwenye paji, chanjo zile zile. Mzima wa afya. Mwenyewe: Uwamariya.

Papa Sebarenzi alikuwa ameinama juu ya bega langu. Alisoma yote.

"Njo vile," alisema polepole. "Ameniulia ngombe mu mashine, akaifanya yake."

"Papa, ngoja kwanza niulize."

Angoje wapi! Alitoka mpaka pale tunapopimia maziwa, akaanza kupaza sauti. Mwizi. Mjane mwizi. Watu wakaacha mabidoni yao ya maziwa, na wengine wakaokota fimbo. Huku kwetu neno la ng'ombe si neno dogo.

Na hapo hapo akatokea Mama Uwamariya, anamvuta Bihogo kwa kamba. Mtu alikuwa amekimbia kumwambia kwamba Papa yuko ushirika, anaulizia ng'ombe wake. Mama akavaa kitenge chake kizuri. Alidhani mgeni wake amekuja kumsalimu.

"Papa, karibu sana..."

"Mwizi! Simama pale pale!"

Nikaona fimbo moja inainuka. Nikajiweka katikati, nikawaomba wangoje nipige simu; hasira yangu yote ilikuwa kwa Jules. Programu yake haionyeshi nani kagusa nini, kwa hiyo ilinibidi niwapigie mawakala wetu mmoja mmoja, wale wanaozunguka vilimani na tableti. Théophile ndiye aliyecheka.

"Ah, Bihogo? Njo miye nilimuua, dada."

"Unasema nini?"

"Maziwa inaletwa na Mama, lakini mashine iko inaandika Papa. Nilitaka kumuhamisha. Mashine inauliza tu: ameuzwa, amechinjwa, ao amekufa? Sasa miye nifanye nini? Nikamuua, nikamuandika upya kwa Mama. Siye wote tunafanyaka vile."

Wote! Hifadhidata yangu ilikuwa imejaa maiti wanaokamuliwa kila asubuhi.

Nikaweka simu kwa sauti kubwa, Théophile akarudia mbele ya kila mtu. Fimbo zikashuka. Wengine wakaanza kucheka, wakarudi kwenye mabidoni yao. Papa Sebarenzi akamsogelea Mama Uwamariya.

"Mama, unisamehe," alisema. "Ni mashine."

Mama Uwamariya hakuwa akilia. Alimshika mkono, akamwekea kamba.

"Mashine haikutoka Bweremana kuja kuniita mwizi mbele ya batu," alisema. "Ni weye. Haukuniuliza hata neno moja. Chukua ngombe yako."

"Na batoto? Maziwa je?"

"Batakunywa chai bila maziwa."

Akaondoka. Papa alimwita, akamwita tena, hakugeuka. Mzee wa watu akabaki na ng'ombe ambaye hana hata pa kumlisha kule ziwani.

Nilimpigia Jules. Unajua alinijibu nini? "Dada, ile iko erreur ya mwenye anatumia." Eti kosa ni letu! Niliyomwambia siwezi kuyaandika hapa, mama yangu anasoma.

Mise à jour ilikuja baadaye. Sasa kuna historia, kuna kurudisha, kuna majina mawili. Inafanya kazi vizuri, nakubali kwa uchungu. Mama Uwamariya mimi namkuta sokoni tu. Ananisalimia kama mgeni, na mtoto wake mdogo amekonda.

Nyie mnaotengeneza programu, tokeni Goma, mpande vilima, muulize watu wanavyoishi kabla ya kuwapa vibonyezo vya kuchagua. Na wewe msomaji, simu ikikuletea habari mbaya ya rafiki yako, nenda kwanza nyumbani kwake, kaa chini, umuulize kwa sauti ndogo.

Mimi sijamsamehe Jules. Papa Sebarenzi pia sijui kama nitamsamehe.