Databesi ya Bafu

Kuna wastaafu wanaofuga kuku. Kuna wanaobishana na redio. Halafu kuna Ratiba, ambaye hata mwezi haujaisha tangu akabidhi funguo za ofisi, alitangaza mezani kwamba ameanza kujifunza databesi.

"Ya nini, baba?" binti yake akauliza. Muuguzi huyo alikuwa ndiyo kwanza ametoka zamu, miguu imevimba, hana hata nguvu za kushangaa.

"Ya kujifurahisha."

Mkwe wake, fundi majokofu, akaitazama sahani yake kama mtu anayeomba uvumilivu. Mzee wa miaka sitini na moja, simu yake bado ina ile plastiki ya dukani kwenye kioo, leo anataka starehe ya databesi. Haya. Kila mtu na wazimu wake.

Jina la Ratiba alipewa na wanafunzi. Alikuwa mwalimu wa shule ya bweni miaka thelathini na mbili, na kumi na tisa kati ya hiyo alikuwa makamu wa mkuu wa shule. Kazi yake kubwa ilikuwa kupanga: vipindi, zamu za usafi, foleni ya chakula, hadi kuoga. Wavulana mia nne, mabomba kumi na mawili, saa moja na nusu. Alichora kwa rula kwenye karatasi ya manila, akasimama mlangoni na kengele, na hakuna aliyechelewa darasani akasingizia sabuni. Siku ya kumuaga, shule ilimpa laptopu, hotuba nne, na wiki mbili za kuhama nyumba ya mwalimu. Akahamia kwa binti yake.

Sasa, nyumba ya binti ina bafu moja, na choo kiko humohumo. Wanaoishi hapo ni binti, mume wake, mtoto wao wa kike aliyeko kidato cha pili, na mdogo wa mume, dada mmoja msusi ambaye akiingia bafuni unaweza kuchemsha maharage yakaiva, ukala, ukaosha vyombo. Mzee alipoongezeka, asubuhi ikawa vita. Kila mtu alitaka kuingia kati ya saa kumi na moja na saa moja. Siku msusi na mjukuu walipovutana mlangoni mpaka kitasa kikang'oka, Ratiba alimsikia mkwe wake upande wa pili wa ukuta:

"Nyumba imejaa, mwenzangu. Mzee simchukii hata kidogo. Ila mwisho wa mwezi aende kwa kaka yako."

Kwa kaka ni shamba. Huko mtandao unapatikana ukipanda juu ya tangi la maji, na mtu pekee wa kuongea naye mchana ni mbuzi.

Mtu mwingine angeenda kubembeleza. Ratiba akafungua laptopu.

"Nyumba haijajaa," akaiambia. "Haijapangwa."

Akajifunza kwa video za bure, anaandika kila kitu kwenye daftari lenye pambizo la kalamu nyekundu, kama kuna mtu atamsahihishia. Kijana wa kwenye video aliongea mbio kama anafukuzwa, basi mzee akawa anamsimamisha kila sekunde kumi: "Rudia, wewe." Akisahau alama moja tu, kompyuta inamjibu kwa maandishi mekundu. Hilo lilimuuma. Maisha yake yote yeye ndiye alikuwa mwenye wino mwekundu.

Lakini alielewa. Jedwali moja la watu, jedwali moja la muda, na katikati sheria moja ya chuma: dakika moja ya bafu haiwezi kuwa na majina mawili. Ukijaribu kuingiza la pili, mashine inakataa. Siku mashine ilipokubali sheria hiyo, Ratiba alipiga makofi peke yake chumbani. Mkwe akamuuliza mkewe kama mzee anakunywa dawa zake.

Jumapili akawaita wote sebuleni.

"Dakika mia na ishirini," akasema, amevaa tai. "Mjukuu ishirini na tano. Muuguzi ishirini na tano. Fundi thelathini. Msusi arobaini."

"Arobaini?" mjukuu akaruka. "Babu, huyo shangazi anaosha gari humo ndani?"

"Nyamaza wewe, kichwa chenyewe kama brashi ya choo," msusi akamjibu.

"Wiki mbili," Ratiba akasema. "Kukiwa na mgongano hata mmoja, mimi mwenyewe nafungasha."

Akamtazama mkwe usoni. Mkwe akagundua ukuta wa chumbani kwake ni mwembamba.

Jumatatu saa kumi na moja na dakika tano, zamu ya kwanza imeshaanza bafuni, Ratiba akaamka kibofu kimejaa, kama kawaida ya wanaume wa umri wake. Akafungua jedwali aone zamu yake ni saa ngapi.

Hakuwemo.

Akashuka na kidole, akapanda nacho. Majina manne. Miaka kumi na tisa alipanga kuoga kwa watu mia nne na jina lake halikuwahi kuwa kwenye karatasi, kwa sababu yeye alikuwa mtu wa kengele. Mazoea hayo yamehama naye, na wala hakuyaona wakati wa kufungasha. Na dakika zote mia na ishirini zimegawiwa. Akijiingiza, mashine itakataa. Mashine ikikataa, basi nyumba kweli imejaa, na aliyethibitisha hilo kisayansi ni yeye.

Akavaa suruali, akafunga tai, akatoka mbio za heshima kwenda kituo cha mafuta ng'ambo ya barabara, penye choo cha wateja.

"Mazoezi ya asubuhi," akamwambia binti yake aliporudi.

"Na tai, baba?"

"Nidhamu."

Wiki ya kwanza ikapita. Migongano, sifuri. Ratiba alikuwa anarudi kutoka "mazoezini", anakaa kwenye stuli ukumbini, laptopu mapajani, anaandika nani ameingia na nani ametoka. Dakika ya thelathini na tisa anagonga mlango, na msusi anatoka na povu masikioni, kwa sababu hakuna mtu anayethubutu kutukana baba mkwe wa kaka yake. Mkwe akaanza kunywa chai amekaa. Alikuwa amesahau kwamba chai inaweza kunywewa hivyo.

Siku ya tisa, alfajiri, mkwe akaitwa kituo cha mafuta. Jokofu la soda limezimika. Akafika na begi lake la vifaa, akazunguka nyuma kutafuta swichi kuu, na pale kwenye foleni ya choo, katikati ya madereva wawili wa malori, akamkuta baba wa mke wake: tai shingoni, taulo begani, mswaki mkononi.

Ziko hali ambamo mtu hapaswi kukutana na mkwe wake. Hii ni mojawapo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Jokofu?"

"Jokofu."

"Haya. Kazi njema."

Dereva mmoja akaangua kicheko. Mkwe akaingia ndani, akafungua jokofu, na kwa dakika tano hakuona hata waya mmoja.

Jioni akaiweka hoja mezani, mbele ya wote. "Baba, leo alfajiri nimekukuta kwenye foleni ya choo cha kituo cha mafuta. Tuoneshe humo kwenye databesi. Wewe unaingia saa ngapi?"

Ratiba akafunga laptopu. Akaifungua tena. Hakuwa mtu wa kughushi. Akaandika jina lake, saa kumi na moja na nusu, akabonyeza. Maandishi mekundu.

"Umeona," akasema taratibu. "Ulikuwa sahihi. Imejaa. Kesho nitampigia mwanangu aje anichukue."

Binti akaweka kijiko chini. "Siku tisa, baba? Umekuwa unaenda kituo cha mafuta siku tisa?"

"Choo chao ni kisafi."

Msusi akaangalia kucha zake. Kama chumba cha mzee kingekuwa wazi angekichukua yeye, hilo lilijulikana, na asiseme mtu kwamba hakuona jinsi alivyonyooka kwenye kiti.

Mkwe akajikuna shingo.

"Nifute mimi," akasema.

"Nini?"

"Asubuhi. Natoka hapa nimetakata, saa mbili niko chini ya jokofu nimejaa grisi. Sijui hata naoga ili nimridhishe nani." Akamnyooshea dada yake kidole. "Na wewe baba ukiondoka, huyu nani atamtoa bafuni?"

"Kaka!"

"Nyamaza, nimekunywa chai siku tisa."

Ratiba akafuta mstari wa fundi. Akaandika wake. Mashine ikakubali bila kusema kitu. Vidole vyake vikabaki hewani, juu ya vitufe.

"Na jioni utaoga saa ngapi?"

"Ah, baba. Jioni niache tu."

"Saa ngapi?"

Mkwe akamgeukia mkewe apate msaada. Mkewe alikuwa amejifunika uso kwa mikono miwili, mabega yanatikisika kwa kicheko.

"Saa mbili," mkwe akasema.

"Dakika?"

"Ishirini."

"Kumi na tano," Ratiba akasema, akaandika.