Transista Zisizo na Majina

Mzee niliyemwita papa, mwenye ateliye, yaani karakana, katika mtaa wa Ndosho, alisugua majina yaliyoandikwa kwenye transista zake mpaka yafutike, kwenye jiwe la lava lililokuwa mlangoni. Kila aliyetengeneza onduleri, mashine ya kugeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani, mtaani alifanya hivyo, ili jirani akiifungua asijue kilichomo. Lakini papa alizisugua hata kabla ya kunipa mimi, msaidizi wake.

Nilikuwa nimetoka Vitshumbi, na kabla ya hapo Butembo. Shule niliiacha mapema. Papa alinipa mahali pa kulala, na kazi niliyoipenda kuliko zote nilizowahi kushika: kuandaa modeli. Alichora saketi kwenye kompyuta, katika programu inayozijaribu kabla hazijaunganishwa. Lakini programu haijui transista itafanya nini mpaka uiambie tabia yake. Basi nilipitisha umeme kidogo kwenye mguu mmoja, nikasoma unaotoka kwenye mguu mwingine, transista ikiwa baridi, kisha ikiwa moto, na namba hizo nikaziandika kwenye faili.

"Hii inaitwa nini, papa?"

"Pima tu. Wewe uko mutu wa kupita. Kesho utaenda kuuza siri yangu kwa jirani."

Nikaendelea kupima. Kwa udadisi tu, nilikuwa nimelinganisha namba zangu na modeli zilizokuja na programu, moja baada ya nyingine, mpaka nikapata inayofanana. Jina nililijua tayari.

Kisha onduleri mpya ikaungua mezani. Kwenye kompyuta ilikuwa imefanya kazi vizuri. Nikapima transista zilizobaki kwenye kopo alilonipa: baadhi zilifuata modeli yangu, nyingine zilipata moto haraka na kupitisha umeme ovyo. Nikamwambia papa kwamba ziko za aina mbili.

Akafunga mlango.

"Mbili? Miye nilikupa za aina moja. Zangu umezipeleka wapi?"

"Sijapeleka popote, papa."

"Umebadilisha! Kusanya vitu vyako, utoke."

Ningetaja jina, angeona mwizi aliyejua anachoiba. Nikamwomba jambo moja tu: alete zile ambazo hajazisugua, tuzipime pamoja.

Akarudi na mfuko ambao haujafunguliwa. Akanikalisha upande wa mita, yeye akishika kila transista kwa mkono wake, kidole gumba juu ya jina. Ya kwanza ilikuwa sawa. Iliyofuata, mita ikaruka. Papa akaigeuzia upande wake, akaondoa kidole, akasema ni jina lile lile. Akalowesha kidole kwa mate, akasugua. Jina likatoka lote.

Kwenye jiwe la lava majina yote hufutika. Hakuwahi kujua kwamba mengine yanafutika kwa mate.

"Yule mama muuzaji wa Mabanga!" akasema. "Ananiuzia za uongo, ananicheka!"

"Pengine naye aliuziwa hivyo hivyo."

"Unamutetea? Munajuana?"

"Hapana, papa."

"Basi enda umurudishie. Akupe za kweli."

"Nimwombe zipi?"

Alitazama mlango uliofungwa, akatazama dirisha, akainama na kuninong'oneza jina sikioni. Nikalirudia polepole, kama mtu anayelisikia kwa mara ya kwanza.

"Mbona umelishika haraka hivyo?"

"Ni fupi, papa."

Akanikabidhi mfuko. Nilipofika barabarani kutafuta pikipiki, niligeuka. Alikuwa amesimama juu ya jiwe lake, akiangalia kama nitashika njia ya Mabanga au ya kwa jirani.