Paa Lililoachiwa Nafasi

Siku mwashi alipomwona Mzee Randa kwa mara ya kwanza, aliona soli za viatu tu. Seremala huyo, ambaye watu wote walimwita kwa jina hilo la utani, alikuwa amelala chali juu ya boriti ya kanisa kuukuu, akigongagonga mbao na kutega sikio.

"Ndiwe mwashi? Ukimaliza kuzitazama nyayo zangu, ukuta uko kule."

Mwashi, mtu wa haya tangu utoto, alicheka kimoyomoyo, akaenda kule. Tetemeko la mwaka uliopita lilikuwa limebomoa kona mbili za ukuta wa mawe na kulegeza paa. Waumini walisali uani, chini ya turubai, wakisubiri Jumapili ya kurudi ndani.

Wakazoeana. Mzee Randa hakutumia msumari hata mmoja. Aliunga boriti kwa vigingi vya mti mgumu alivyovichonga mwenyewe, na kila kimoja alikibembeleza: "Ingia, bibi harusi, usinione mzee." Huko chini mwashi alikuwa akitabasamu peke yake.

Ijumaa moja mzee aliondoka mapema kwenda kutibiwa magoti. Mwashi akapanda, akaona kila boriti, pale inapoingia ukutani, imeachiwa nafasi ya vidole viwili pande zote. Kazi ya mtu aliyechoka, akawaza, na moyo ukamwuma. Akakoroga saruji, akaziba matundu yote kumi na manane, akayalainisha kwa mwiko hadi yakapendeza. Hakumwambia mtu. Alitaka mzee ayakute tu, afurahi.

Jumatatu mzee alisimama ngazini muda mrefu.

"Nani kaziba?"

Mwashi akasogea chini ya ngazi. "Mimi, mzee. Nilidhani hukuwahi kumaliza."

"Loo, mwanangu! Umelifunga paa pingu. Ardhi ikitikisika, ukuta unakwenda kwake, boriti inakwenda kwake. Ukizibana pamoja, boriti itausukuma ukuta, mawe yawaangukie watu vichwani. Na Jumapili wanaingia!"

Padri akaja kuuliza kelele za nini. Mwashi akajua leo anafungasha vyombo.

"Kosa langu, Baba," akasema Mzee Randa. "Nilimpa kazi, nikamnyima maelezo."

Siku sita mwashi alichokonoa kwa tindo, polepole, asiguse mbao. Mzee alikaa chini ya ngazi akimsimamia.

"Saruji yako nzuri mno, bwana! Ungeipunja kidogo tungekuwa tumeshalala."

Tundu la mwisho lilifunguka Jumamosi alasiri, na kesho yake waumini wakaingia.

Mwezi wa pili tangu warudi ndani, katikati ya ibada, ardhi ikatikisika. Paa likalia kama kitanda kibovu, likayumba, likarudi mahali pake. Vumbi likashuka; jiwe halikushuka hata moja. Mwashi akamtafuta mzee kwa macho. Mzee alikuwa anamtazama yeye, siyo paa.

Wiki hiyohiyo binti wa mzee akaja kumchukua akaishi naye mbali, maana magoti yalikuwa yamegoma kabisa. Mwashi akambebea sanduku la zana hadi garini. Alipotaka kulipakia, mzee akalisukuma likarudi kifuani kwa mwashi. Mwashi akafungua mdomo, machozi yakatangulia.

"Usinililie hapa, watu watadhani nimekufa," akasema Mzee Randa. "Nenda nalo. Una paa la kuangalia."