Vifungo Arobaini Ndani ya Mvinyo

Mume wangu ni fundi cherehani, na kwenye nguo hana mpinzani. Kwenye mvinyo, ole wake! Miaka mitatu mfululizo ametengeneza mvinyo wa nanasi ndani ya kabati langu la sufuria, na miaka yote mitatu umegeuka siki. Mtaa mzima unamwita Mzee Siki, hata mama yake mzazi.

Nanasi halikuwa na kosa. Kosa ni lile baki lisilojaza chupa. Ukihamisha mvinyo kwa mpira kutoka chupa hii kwenda ile, ili mashapo yabaki chini, unakuta umepungua. Chupa isiyojaa hadi shingoni inakaa na hewa, na hewa ndiyo inayoleta siki. Mwaka wa kwanza alijazia maji, ukawa siki chapwa kama maji ya kuoshea vyombo. Mwaka wa pili akagawa baki kwenye vichupa vya dawa ya kikohozi, mama mkwe akapona kikohozi ambacho hakuwa nacho. Wa tatu hata sitaki kuusema.

Mwaka huu aliapa. "Mama watoto, huu nao ukiharibika, kabati nakurudishia, na mvinyo basi tena."

Nilifurahi, nisiwe mnafiki. Lakini jamani, mtu akiongea na chupa kila asubuhi, mwisho unamwonea huruma.

Basi, Jumamosi alikuwa ametoka kung'olewa jino, shavu limevimba kama ameficha limau. Akaingia mteja tunayemwita Bi Dakika, maana hutazama saa kabla ya kusalimia. Amefuata gauni la harusi ya binti yake. Gauni lilikuwa limeshonwa, limenyooshwa, ila mgongoni halina kifungo hata kimoja.

"Vifungo vyangu arobaini vya kioo viko wapi?"

Mume wangu akatazama dari. Akatazama sakafu. Kisha akatazama upande wa jikoni, liliko kabati langu, nikajua kumeharibika.

Nikamvuta jikoni. "Baba watoto, umefanya nini?"

"Vilibaki vidole viwili tu chupa ijae," akasema, pamba mdomoni. "Nikazamisha vifungo, mvinyo ukapanda. Nilivichemsha kwanza! Nilidhani harusi ni mwezi ujao."

Njia ilikuwa moja: kuuhamisha mvinyo upya, vifungo vibaki chini. Mpira lazima uvutwe kwa mdomo, na daktari wa meno amemkataza kuvuta chochote. Akanitazama mimi, niliyeapa tone la kitu chake halitagusa ulimi wangu.

"Mimi? Thubutu!"

"Nina dakika ishirini tu!" Bi Dakika akapaza sauti kutoka chumba cha mbele.

Nikavuta. Nilivuta kwa hasira, kwa hiyo badala ya kuonja nikabugia. Uso nilishauandaa kwa siki. Siki haikuja. Likaja nanasi, kisha joto la pole pole kifuani. Nikameza. Nikalamba midomo.

"Vipi?" akauliza. Mtu aliyewashonea mahakimu suti, leo ananitazama kama mwanafunzi anayesubiri matokeo.

"Unanyweka," nikasema. Mnafiki mkubwa mimi!

Vifungo tukavisuuza, akavishona mbio mbio. Bi Dakika akaondoka analalamika kuwa gauni linanukia matunda. Tuliporudi jikoni, lichupa lilikuwa limesimama na pengo la vidole vitatu shingoni. Mume wangu akakaa kwenye kigoda.

"Basi," akasema. "Panga sufuria zako."

Nikaenda chumbani, nikarudi na shanga zangu za kioo, zile nzito alizonipa tulipooana, ambazo huwa nazivaa sikukuu tu. Nikakata uzi, nikazichemsha, nikazitumbukiza moja moja. Mvinyo ukapanda, ukapanda, ukafika juu kabisa. Akaitazama chupa, akaitazama shingo yangu iliyobaki tupu, machozi yakamtoka.

"Ni jino," akasema.

Sufuria zangu bado ziko chini ya kitanda. Siku hizi mimi ndiye wa kwanza kufungua kabati asubuhi, nachuchumaa kuangalia kama hewa haijaingia. Juzi alinifuma naongea na chupa.