Matete ya Ukingoni

Jirani yangu alikuwa na visigino vyeusi kwa matope. Kila asubuhi alishuka ukingoni mwa ziwa la Nzilo kupanda matete, ili mawimbi yasimege udongo chini ya nyumba zetu. Kila shina alilikanyagia mara tatu, polepole, huku akikohoa. Jumamosi moja ya salongo, ile kazi ya lazima ya mtaa mzima, mimi, shefu wa mtaa, ndiye niliyesimamia. Wageni wa serikali walikuwa njiani, nikaamuru ukingo usafishwe. Tuliyang'oa matete yake yote, tukayachoma, nami nikasifiwa. Yeye alisimama pembeni, kofia mkononi, akakohoa tu.

Mvua zilipokuja, ziwa lilikula ua wangu mpaka kwenye ukuta wa jiko. Asubuhi nikamkuta amepiga magoti pale kwangu na mzigo wa matete mapya.

"Tata, anza kwako," nikamwambia, nikimwita kama baba.

"Hapana, shefu. Mayi ya ziwa inakula kwako mbele. Mi nitangojea."

Nikaomba nimsaidie. Akainuka, akanipa shina moja kwa mikono miwili, vile mtu anavyompa mkubwa wake.