Asubuhi Niliyoitikia Bila Kusikia

Wakati ule nilikuwa nauza nguo za kike, madera na vijora, kwa simu. Nilikuwa na kichumba cha duka Ngamiani, lakini wateja wengi sikuwahi kuwaona sura. Walikuwa Muheza, Korogwe, hata Mombasa, na kila mmoja alitaka ajibiwe papo hapo. Simu ikilia naoga, nilitoka na povu usoni. Hata nikiswali niliilaza kando ya mswala, na nikiwa kwenye sijda nilisikia ikitetemeka.

Mama yangu mzazi nilikuwa naishi naye Mabawa. Asubuhi moja tulikaa kunywa chai. Nilimwamkia shikamoo bila kuinua uso, maana mzigo mpya ulikuwa umevuka mpaka wa Horohoro jana yake na nilikuwa natuma picha kwenye grupu la wateja. Mama akasema jambo. Nikaitikia, "Ehe." Akasema tena. "Haya mama, pumzika," nikamwambia, nikachukua mkoba nikaenda dukani.

Kabla ya adhuhuri jirani yetu alinipigia mara sita. Sikupokea, nilikuwa nagombana kwa maandishi na mteja aliyedai rangi ya dera si ile ya kwenye picha. Mara ya saba nikapokea kwa hasira.

"Mama yako kaanguka uani," jirani akasema. "Njoo."

Hospitalini, daktari aliuliza hali ile imeanza lini.

"Sasa hivi," nikajibu. "Hazijapita hata saa mbili."

Mama, mdomo umekwenda upande, akainua mkono uliokuwa mzima. "Asubuhi," akasema kwa ulimi mzito. "Mkono ulikufa ganzi. Nilimwambia."

Daktari aliandika tu. Hakunitazama.

Wiki kadhaa baadaye, namkanda mkono ule, nilimuuliza kwa nini hakunishika bega siku ile.

"Nilijua umesikia," akasema. "Uliitikia."

Nikawatangazia wateja kwamba ikifika alasiri nazima simu mpaka kesho yake. Wengine walinielewa, wengine wakahamia kwa wauzaji wengine. Lakini mkono wangu haukutangaziwa. Ulikwenda mfukoni wenyewe. Siku ya nne niliiwasha simu jikoni, nimeupa mlango mgongo. Nilipogeuka, mama alikuwa amesimama pale, kaegemea ukuta.

"Maliza tu, mwanangu," akasema. "Nitasubiri."

Laiti angenifokea. Kuanzia kesho yake nikawa naifungia kabatini dukani, na kumwachia jirani wa duka ufunguo mpaka asubuhi.

Sasa mama anatembea hadi nyumba ya pili na kurudi, polepole. Maneno yake mengine hayatoki sawasawa, na lazima nimtazame mdomo ndipo nimwelewe. Kuna jioni tunakaa barazani, naye anasinzia, na mimi sijui mikono yangu niiweke wapi. Naikalia.